Kuchagua Kamusi ya Visawe na Marejeo Mengine ya Mwandishi

Kamusi ya visawe ni kitabu kinachokusanya maneno yenye maana moja au zinazokaribiana, ili mtu aliyekwishajua anachotaka kusema apate neno la kukisemea. Kazi yake ni kinyume cha kazi ya kamusi ya kawaida. Anayefungua kamusi ya kawaida ana neno mkononi na anatafuta maana. Anayefungua kamusi ya visawe ana maana kichwani na anatafuta neno. Ndiyo sababu kitabu cha aina hii hakina maelezo mengi. Chini ya kidahizo kimoja, yaani neno linaloongoza ingizo, huorodheshwa maneno kadhaa, na kazi ya kuyapambanua huachiwa msomaji mwenyewe. Asiyejua kuyapambanua atapata hasara zaidi kuliko faida, na hapo ndipo suala la kuchagua vitabu linapoanzia.

Kitabu cha namna hii kilichovuma kuliko vingine duniani ni cha Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza, kilichochapishwa London mwaka 1852. Roget alianza kuorodhesha maneno kwa matumizi yake binafsi mwaka 1805. Alipokuja kuyachapisha hakuyapanga kwa alfabeti bali kwa mawazo, akianza na dhana za jumla na kuishia kwenye hisia na maadili. Waliomfuata wengi walirudi kwenye alfabeti kwa kuwa ni rahisi kwa mtu mwenye haraka. Kwa Kiswahili, kitabu cha kutafuta ni Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, iliyotolewa Nairobi na East African Educational Publishers mwaka 1998. Huyo Said Ahmed Mohamed ndiye mwandishi wa Zanzibar aliyeandika riwaya za Asali Chungu na Utengano. Mtu anayeandikia Musoma au Bunda, mkoani Mara, anafaa kulikumbuka hilo kabla hajaifungua kamusi hiyo, kwa sababu Kiswahili cha visiwani ni kipana sana katika mambo ya bahari na ya dini, na si kila neno lake husikika kandokando ya Ziwa Victoria.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba visawe kamili ni vichache mno. Maneno mawili yakiwa na maana moja, mara nyingi hutofautiana kwa nani anayatumia, wapi, kwa hali gani ya moyo, na yanaambatana na maneno gani mengine. Mfano ulio wazi kuliko yote ni vitenzi vya kunukuu katika habari za magazeti na redio. Tuseme katika kikao cha kijiji mwenyekiti amezungumzia fedha za ujenzi wa choo cha shule. Mwandishi ameandika “alisema” mara nne, amechoka nalo, na anataka kubadilisha ladha. Orodha ya visawe inampa alieleza, alidai, alibainisha, alikiri, alisisitiza, alifichua, alijitetea. Kila moja kati ya hayo linabadilisha habari. Akiandika kwamba mwenyekiti “alidai” fedha zimekwisha, msomaji anaelewa kwamba mwandishi hamwamini. Akiandika “alikiri”, tayari kuna kosa na mkosaji. “Alibainisha” linamaanisha kwamba jambo ni kweli na limewekwa wazi. “Alifichua” linamaanisha lilikuwa siri. “Alijitetea” linamweka mzee wa watu kizimbani. “Alisisitiza” halifai kabisa kama jambo limesemwa mara moja tu.

Katika habari za polisi na mahakama tofauti hizo si za mapambo. Mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe aliyesema alikuwa safarini siku ya tukio hajakiri chochote, wala hajabainisha, na anayeandika vinginevyo ametoa hukumu kabla ya hakimu. Ndiyo maana wahariri wazoefu huvumilia “alisema” hata likijirudia. Ni neno lisiloegemea upande wowote, na msomaji halioni. Kinachomchosha ni sentensi zenye umbo moja, si kitenzi hicho.

Tofauti za aina nyingine zimo katika maneno ya msiba. Kufa, kufariki, kuaga dunia, kukata roho na kutangulia mbele ya haki yote yanahusu tukio moja, lakini hayabadilishani nafasi. Tangazo la msiba linataka “amefariki dunia”. Kutangulia mbele ya haki kuna harufu ya msikitini. Kukata roho kunaeleza ile dakika yenyewe, hivyo kunafaa katika masimulizi na hakufai katika barua ya rambirambi. Ng'ombe na samaki hufa tu. Ng'ombe aliyekufa bila kuchinjwa amekufa kibudu, na mfugaji wa Bunda atacheka akisoma kwamba ng'ombe wake “wamefariki”. Kisha kuna kukata kauli, ambako wengi hukuingiza katika orodha hiyo kimakosa. Aliyekata kauli ameshindwa kusema. Huenda yu mahututi, lakini bado yuko hai.

Wanafunzi wa sekondari huteleza zaidi katika maneno ya hisia, kwa kuwa insha inawataka wawe na “msamiati wa kuvutia”. Chini ya furaha watakuta bashasha, buraha, shangwe, nderemo. Bashasha huonekana usoni: mgeni hupokewa kwa bashasha. Buraha ni utulivu na raha ya mtu asiye na dhiki. Nderemo husikika kwa masikio, na kwa kawaida haitembei peke yake, hufuatana na vifijo. Mwanafunzi anayeandika kwamba “alijaa nderemo moyoni” ametumia neno kubwa mahali ambapo “furaha” lingetosha, na mwalimu makini atamkata alama badala ya kumwongezea.

Maskini nayo ina jamaa wengi: fukara, mkata, hohehahe, kabwela, mlalahoi. Mkata ni neno la methali na mashairi. Kabwela na mlalahoi ni maneno ya siasa na ya safu za magazeti, yana tabaka ndani yake, na humaanisha mtu wa chini akilinganishwa na wa juu. Hohehahe ni yule asiye na mali wala pa kushika. Katika maandishi ya ofisi neno linalotakiwa limekwishachaguliwa: Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) una Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na mtendaji wa kijiji anayeandika muhtasari wa mkutano hana ruhusa ya kuzigeuza kaya hizo kuwa za walalahoi, hata kama mkutanoni ndivyo zilivyotajwa.

Mkoa wa Mara una mfano mzuri wa uteuzi wa neno uliofanywa kwa makusudi. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kukua akizungumza Kizanaki, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Miaka mingi baadaye, akiwa Rais, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ile ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Jina la tamthilia hii ya pili kwa Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja. Mtafsiri alikuwa na mfanyabiashara, mchuuzi, tajiri na bepari mbele yake, na akachukua la mwisho, tena katika wingi. Bepari ni neno lililotoka Bara Hindi na maana yake ya awali ni mfanyabiashara, kwa hiyo tafsiri ina mguu wa kusimamia. Lakini mwaka 1969 ilikuwa imepita miaka miwili tangu Azimio la Arusha, na neno hilo lilikuwa limebeba mzigo mwingine: mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine. Msomaji wa wakati ule alizipata maana zote mbili kwa pigo moja. “Wafanyabiashara wa Venisi” lingekuwa sahihi, ila lisingefanya kazi hiyo.

Mfano huo unaonyesha pia kwa nini mwaka wa kamusi una maana. Neno hubadilika, na kamusi hubaki na tafsiri ya siku ilipoandikwa. Kamusi ya mwaka 1939 haiwezi kumjua sangara wa Ziwa Victoria, kwani samaki huyo alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950.

Tatizo la mahali ni kubwa vilevile. Chini ya neno la jumla kama “chombo cha majini” orodha za visawe humimina mashua, dau, jahazi, ngalawa, mtumbwi. Hivi si visawe, ni vyombo tofauti. Ngalawa ina mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke, na ni chombo cha pwani. Wavuvi wa Musoma hutumia mitumbwi, hata ile iliyoundwa kwa mbao na kufungwa injini. Mahali mitumbwi inapopumzika na samaki kushushwa, pwani huitwa diko, ziwani huitwa mwalo. Mwandishi wa Mara anayeandika “diko” ili aonekane fasaha anamfanya msomaji wake ahisi habari imetoka Kilwa. Mwandishi Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya kivuko cha Kisorya wilayani Bunda, alikifanya kisiwa chake mandhari ya riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971 bila kukihamishia Bahari ya Hindi. Riwaya hiyo imesomwa kote Afrika Mashariki.

Kiswahili kina mtego mwingine ambao vitabu vya visawe vya Kiingereza havina haja ya kuuzungumzia: upatanisho wa kisarufi. Ukibadilisha nomino moja, sentensi nzima inageuka. “Mahali pale pana upepo mkali” ikibadilishwa inakuwa “eneo lile lina upepo mkali” au “sehemu ile ina upepo mkali.” Makosa mengi ya upatanisho katika maandishi yaliyosahihishwa kwa haraka hutokana na hapo: nomino imebadilishwa, viambishi vimeachwa vilivyokuwa. Hivyo orodha ya visawe isiyoonyesha ngeli inahitaji kusindikizwa na kitabu kinachoionyesha.

Kitabu hicho ni kamusi wahidiya, yaani kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, na ndicho cha kununua kwanza. Kununua kamusi ya visawe kabla yake ni kuezeka kabla ya kujenga kuta. Ya kwanza ya aina hiyo ilitungwa na Frederick Johnson, katibu wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na ilitoka mwaka 1935. Warithi wa kamati hiyo, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo sasa ni TATAKI, walitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Toleo la pili likafuata mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Zanzibar ilijibu mwaka 2010 kwa Kamusi la Kiswahili Fasaha la Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA. (Bara husema “kamusi ya”, Zanzibar wakachapa “kamusi la” juu ya jalada, kwa hiyo hata ngeli ya kitabu chenyewe haina makubaliano.) Mwaka 2011 Longhorn ikatoa Kamusi ya Karne ya 21, na mwaka 2015 Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili, iliyorudiwa mwaka 2017.

Kwa mtumishi wa halmashauri, mwalimu au mwandishi wa habari wa Tanzania, chaguo la kwanza ni Kamusi Kuu au toleo la karibuni la Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kamusi Kuu ina faida ya kutoka katika chombo chenye mamlaka ya kisheria, kwani BAKITA iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1967, na ubishi wa ofisini huisha haraka zaidi ikitajwa. Anayeandika mashairi au hadithi atafurahia zaidi kamusi la BAKIZA, lenye maneno mengi ya visiwani. Kamusi zinazochapishwa Nairobi ni nzuri, ila zinahitaji jicho, maana Kenya na Tanzania zimeachana katika istilahi kadhaa. Tarakilishi na rununu ni maneno ya kawaida katika shule za Kenya. Huku ni kompyuta na simu ya mkononi. Wanaoishi karibu na mpaka wa Sirari tofauti hizo haziwasumbui, lakini barua ikienda Dodoma zitaonekana.

Kitabu kikiwa dukani, jalada na unene havitoshi kukipima. Mnunuzi afungue neno gumu moja analolijua vizuri kutokana na kazi yake, aone kama fasili ni ya kweli au ni neno jingine tu lililowekwa mahali pake. Kamusi inayosema kwamba hadaa ni kulaghai, kisha ikasema laghai ni kuhadaa, imemzungusha msomaji bila kumpa kitu. Aangalie kama kuna sentensi za mifano, kwa maana sentensi ndiyo inayoonyesha neno linaambatana na nini. Aangalie ngeli: kamusi nzuri huandika viambishi vya upatanisho kando ya nomino, kama a-/wa- au li-/ya-. Kwa vitenzi aangalie alama zinazoonyesha kitenzi elekezi na kisicho elekezi, pamoja na mnyambuliko. Halafu ajaribu neno la mtaani lililoingia miaka ya karibuni, kishikwambi kwa mfano, ambalo Sensa ya 2022 ililifikisha kila kijiji. Kamusi isiyokuwa nalo si mbaya, lakini umri wake umejulikana. La mwisho ni ukurasa wa hakimiliki. Vitabu vilivyochapishwa kwa wizi vipo sokoni. Herufi zake huwa zimefifia, kurasa zimepishana, na mara nyingi mwaka wa toleo hauonekani.

Wengi huitupa kamusi kwa kudhani haina neno wanalolitafuta, kumbe hawajui lilipo. Nomino huingizwa katika umoja: nyavu hupatikana kwenye wavu, mialo kwenye mwalo, nyuso kwenye uso, meno kwenye jino. Vitenzi huingizwa bila “ku”, na mara nyingi mnyambuliko umewekwa mwishoni mwa kitenzi asilia. Anayetaka “wakasababishiana” aondoe viambishi vya mbele, kisha vya nyuma, mpaka abaki na “sababisha” au “sababu”.

Mwandishi wa Mara ana haja moja ya ziada. Mkoa una lugha nyingi, Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu, Kikurya, Kingoreme, Kinata, Kiluo na nyingine, na kwa watu wengi Kiswahili ni lugha ya pili. Lugha kadhaa kati ya hizo hazitofautishi l na r, na athari yake huingia katika maandishi. Hapa kikagua tahajia cha kompyuta hakisaidii, kwa kuwa makosa yanayotokea ni maneno halali. “Familia zilikubaliana mahali ya ng'ombe kumi” inapita bila kupigiwa mstari, ilhali iliyokusudiwa ni mahari. “Wageni waliandaliwa kalamu” inapita. “Aliuza fahari wawili” inapita, na ng'ombe madume wamegeuka kuwa majivuno. Hali ni hiyohiyo kwa s na th: “samani ya kiwanja” inamfanya msomaji atafute viti na meza penye kiwanja kitupu chenye thamani. Dawa yake ni orodha fupi ya jozi hizo iliyobandikwa ukutani, na kamusi ya kuzihakikisha. Kuongeza programu hakusaidii kitu.

Kamusi za lugha za mkoa wenyewe nazo ni vitendea kazi. David Massamba, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitunga kamusi ya Kiruri yenye Kiswahili na Kiingereza, iliyotoka mwaka 2005 chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania. Vitabu vya aina hiyo humsaidia anayeandika mila, majina ya mimea au masimulizi ya wazee aweke neno la lugha asilia kwa tahajia inayotambulika, kisha alieleze.

Kamusi thaniya, za Kiswahili na Kiingereza, ndizo zinazopatikana kirahisi zaidi madukani na ndizo zinazotumika vibaya zaidi. Kazi yake ni kutafsiri. Anayezitumia kama kamusi ya visawe, yaani akaenda Kiingereza na kurudi Kiswahili na neno jipya, huwa amepoteza njiani kile kilicholitofautisha neno la kwanza. Za TUKI, ya Kiingereza–Kiswahili ya mwaka 1996 na ya Kiswahili–Kiingereza ya mwaka 2001, zinaaminika kwa kazi yake.

Baada ya hapo mahitaji hutegemea kazi. Kwa misemo na methali, K. W. Wamitila ana Kamusi ya Misemo na Nahau ya mwaka 2000 na Kamusi ya Methali ya mwaka 2001. Zote mbili zinafaa sana kwa walimu, kwani nahau iliyobadilishwa neno moja huacha kuwa nahau. Anayeandikia afya atahitaji Kamusi ya Tiba ya TUKI ya mwaka 2003. Mwalimu wa sayansi ana Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990, ambayo imezeeka lakini istilahi zake za msingi bado zinasimama. Kwa sarufi, Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1999, ambayo Massamba ni mmoja wa waandishi wake watatu, hujibu maswali ambayo kamusi haiwezi kuyajibu, kama vile kishazi tegemezi kiungwe wapi na kwa nini sentensi ndefu inamponyoka msomaji.

Upande wa mtandao, kamusi za intaneti zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kamusi Project ilianzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, wakati intaneti ilikuwa bado ngeni Afrika Mashariki. Faida yake ni wepesi. Hasara ni kwamba maingizo ya kamusi nyingi za mtandaoni hayana mhariri anayejulikana. Simu iliyowekwa lugha ya Kiingereza hubadilisha maneno ya Kiswahili bila kuuliza, na hilo hutatuliwa kwa kuchagua Kiswahili katika mipangilio ya kibodi. Programu za akili mnemba hutoa orodha ndefu ya visawe kwa sekunde chache, kwa Kiswahili kinachotiririka, na humo humo huchanganya lahaja, maneno ya kubuni na maneno yenye maana nyingine. Orodha hiyo itumike kama mapendekezo, kila neno likipitishwa kwenye kamusi kabla halijaingia katika maandishi.

Kuna matumizi ya kompyuta yanayoshinda hayo yote, nayo ni kutafuta neno likiwa kazini. Wanaisimu huita mkusanyo mkubwa wa matini kongoo, na ule wa Helsinki ni maarufu kwa Kiswahili. Asiye na kongoo anaweza kutafuta kirai chote ndani ya alama za kunukuu katika tovuti za magazeti ya Kiswahili. Akitaka kujua kama mradi “huasisiwa” au “huzinduliwa”, dakika tano za kusoma sentensi zilizochapishwa zitamwonyesha kwamba chama au taifa huasisiwa, mradi huanzishwa, na uzinduzi ni ile siku mgeni rasmi anapokata utepe, pengine kazi ikiwa imeanza kitambo.

Vitabu hivi ni ghali kwa mtu mmoja, na si lazima vyote viwe vyake. Maktaba ya mkoa mjini Musoma ni mahali pa kuanzia kwa anayetaka kulinganisha kamusi mbili kabla ya kununua moja. Chumba cha habari cha redio ya jamii, ofisi ya halmashauri au idara ya Kiswahili ya shule hutosheka na seti moja: kamusi wahidiya mbili zinazotofautiana kwa chimbuko, kamusi ya visawe, kamusi ya nahau, na kitabu kimoja cha sarufi. Mbili za kwanza ziwe mezani, si kabatini chini ya ufunguo wa mkuu wa idara, maana kamusi iliyofungiwa haitumiki.

Kitu cha mwisho hakiuzwi dukani. Ni daftari la maneno ya eneo, ambalo kila chumba cha habari na kila mwandishi wa Mara anaweza kuwa nalo, kwa sababu kamusi za taifa haziwezi kuyafikia yote. Ingizo moja huchukua mistari mitatu. Kokoro, kwa mfano: li-/ya-, wavu wa kukokota unaovutwa kutoka ufukweni, uliopigwa marufuku, kisha sentensi moja iliyosikika, pamoja na mahali ilikosikika. Neno lililosikika kwenye mialo kadhaa kwa maana ileile linaweza kuandikwa gazetini lilivyo. Lililosikika kwa mtu mmoja huandikwa daftarini pamoja na maelezo yake, na huachwa humo mpaka lisikike tena.